MGONGO NA TUMBO VINA UNDUGU GANI?

Katika mkutano wa Chama cha Sayansi muhula huu nilipewa dakika kumi nizungumze juu ya vijidudu vinavyoishi matumboni mwa binadamu. Nilipokuwa namalizia nilitaja, kama kwa kupita, kwamba vijidudu hivyo vina mkono katika maradhi fulani ya uti wa mgongo. Hapo kengele ikalia, nasi tukatawanyika. Lakini tangu jioni ile nimekuwa nikisimamishwa njiani, bwaloni na hata kwenye mabomba ya kufulia, nikiulizwa swali lile lile: tumbo na mgongo vina undugu gani? Mhariri ameona afadhali nijibu mara moja kwa wote, naye amenipa nafasi ya kutosha. Basi nitajaribu.

Yafaa kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Madaktari huyaita ankilosi spondilaitisi. Maneno hayo yana asili ya Kiyunani, na ukiyafumbua utapata habari ya pingili za mgongo, uvimbe, na kupinda. Mimi nitayaita baridi yabisi ya mgongo, kwa kuwa neno baridi yabisi hutumika siku zote kwa maumivu ya viungo. Walakini msomaji asiyachanganye na maumivu ya wazee wetu, ambayo huja kwa sababu viungo vimechakaa, wala na maumivu ya mchukuzi aliyebeba gunia lililomshinda. Haya huwajia vijana. Aghalabu huanza mtu akiwa katika miaka yake ya ishirini, wengine wakiwa bado shuleni, na ni nadra kuanza baada ya umri wa miaka 45. Wanaume ndio wanaoonekana zaidi, ingawa wanawake nao huyapata kuliko vitabu vya zamani vilivyodhani.

Mwiba ukikuchoma mguuni, mahali pale huwa pekundu, huvimba, hupata joto na huuma. Hiyo ni kazi ya chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana na uchafu ulioingia. Hali hiyo nitaiita uvimbe wa joto, nayo ni neema, maana bila hiyo kila mchubuko ungetuua. Taabu huanza pale chembe hizo zinapokosea adui zikaushambulia mwili wenyewe. Katika baridi yabisi ya mgongo shambulio huanza chini kabisa, kwenye viungo viwili ambapo uti wa mgongo umeshikamana na mifupa ya nyonga, kisha hupanda pingili kwa pingili. Mahali panapoteseka hasa ni pale kano inaposhikana na mfupa. Tena mwili, katika kujitibu, huota mfupa mpya mahali pasipotakiwa mfupa, hata pingili mbili zikaunganika kuwa kitu kimoja. Picha ya eksirei ya mtu aliyeugua miaka mingi huonyesha mgongo kama mwanzi: fundo, pingili, fundo, pingili, wala hakuna nafasi kati. Madaktari nao huuita hivyo hivyo, mgongo wa mwanzi.

Sasa jambo la ajabu, ambalo ndilo lililonifanya niyasome maradhi haya. Kupumzika huyazidisha. Mgonjwa akilala huamshwa na maumivu katika nusu ya pili ya usiku. Akiamka asubuhi mgongo ni kama ubao kwa nusu saa au zaidi. Akitembea na kufanya kazi hulainika. Mtoto wa mjomba wangu alianza hivyo akiwa na miaka 17 katika shule ya bweni. Saa tisa za usiku alikuwa akitembea peke yake barazani kwa kuwa kitanda kilimshinda. Kengele ya alfajiri ikilia hakuweza kuinama kufunga viatu, naye alikosa mchakamchaka mara nyingi. Lakini saa kumi jioni alicheza mpira, tena beki wa kutegemewa. Viranja wakasema: mgonjwa gani huyu anayeumwa asubuhi tu? Akapewa jina la mvivu, na kila juma adhabu ya kufyeka majani. Yeye mwenyewe hunisimulia akicheka kwamba hakuipinga adhabu ile, kwani nusu saa ya kufyeka ilimnyoosha mgongo kuliko dawa yoyote aliyokuwa amepewa. Ilipita miaka sita, na zahanati nyingi, ndipo daktari mmoja akamwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Ukipumzika, maumivu hupungua au huzidi?"

"Huzidi, Daktari."

"Na tumbo lako likoje?"

Ndugu yangu alishangaa. Alikuja kwa ajili ya mgongo. Lakini ni kweli kwamba tumbo lake halikuwa zuri. Mara kwa mara aliharisha bila kuwa na homa, naye alikuwa amezoea hata akaacha kulisema. Leo shingo yake haigeuki. Ukimwita kwa nyuma hugeuza kiwiliwili chote. Miaka ile sita ilikuwa na gharama.

Maradhi haya si mapya. Mwishoni mwa karne ya 17 Bernard Connor, daktari kijana wa Kiayalandi aliyesomea Ufaransa, alieleza habari ya mifupa ya mtu ambayo nyonga, pingili kumi na tano na mbavu zake zilikuwa zimeshikana kuwa mfupa mmoja. Baadaye Bekhterev wa Urusi mwaka 1893, Strümpell wa Ujerumani mwaka 1897 na Pierre Marie wa Ufaransa mwaka 1898 waliyaandika vizuri zaidi. Lakini wote waliandika sura ya maradhi tu. Asili yake hawakuijua.

Mlango ulifunguka mwaka 1973. Kila chembe ya mwili wetu ina protini juu ya uso wake ambazo kazi yake ni kushika vipande vidogo vya protini nyingine na kuvionyesha kwa askari wa damu. Mfano wake ni karani wa forodhani atoaye kipande cha kila mzigo ili mkaguzi aseme: huu ni wetu, huu ni wa kigeni. Makarani hawa hawafanani kwa watu wote. Tunawarithi kwa wazazi wetu, na aina zake ni nyingi. Mmoja wao anaitwa HLA-B27. Mwaka huo Dakta Brewerton na wenzake mjini London waliwapima wagonjwa 75 wa baridi yabisi ya mgongo, wakakuta 72 kati yao wana B27. Kati ya watu 75 wasiougua, walioonekana nayo walikuwa 3 tu. Mwaka huo huo wataalamu wa Los Angeles, Marekani, wakapata jibu kama hilo. Katika elimu ya maradhi ni mara chache sana kuona hesabu zilizo wazi namna hii.

Hapo mtu angedhani mambo yamekwisha: ni maradhi ya kurithi, basi. La. Huko Ulaya watu kama 8 katika kila 100 wana B27, na wengi mno kati yao huishi hata wakazeeka bila kuumwa mgongo huu. Hata pacha waliofanana kabisa, ambao jeni zao ni zile zile, mmoja akiugua mwingine huugua kiasi cha mara sita katika kumi, si mara kumi. Na kuna habari ya Wafulani wa Gambia, ambayo ilitangazwa mwaka 1997. Kiasi cha 6 katika 100 kati yao wana B27, hesabu isiyo mbali na ile ya Ulaya, lakini walipochunguzwa wanaume mamia kadhaa hakuonekana hata mmoja mwenye maradhi. Ni lazima, basi, kuwe na kitu cha pili. B27 ni kama kuni kavu. Nani anayeleta moto?

Dalili ya kwanza ilikuwa imeonekana zamani, ila haikueleweka. Mwaka 1944, wakati wa vita, maradhi ya kuhara damu yaliwapata watu wengi sana katika Finland. Baada yake daktari mmoja wa huko, Paronen, aliandika mwaka 1948 juu ya wagonjwa 344 ambao, kuhara kulipokwisha, walivimba viungo, wakawa na macho mekundu na maumivu ya kukojoa. Mwaka 1962 jambo hilo lilitokea tena katika manowari moja ya Marekani. Mabaharia wapatao 600 waliharisha damu kwa kijidudu kiitwacho Shigella, na baada ya muda wachache kati yao, wasiozidi 10, wakapata yale maradhi ya viungo. Wote walikula chakula kimoja katika chombo kimoja. Kwa nini hao tu? Mwaka 1976, B27 ilipokuwa imekwisha julikana, watano kati yao walitafutwa na kupimwa. Wanne walikuwa nayo. Kijidudu cha tumboni, basi, kinaweza kuwasha moto katika kiungo kilicho mbali na tumbo, ikiwa mtu ana alama ile. Tena katika viungo vile vilivyovimba hakuna kijidudu kilicho hai kinachopatikana. Kijidudu kimekaa tumboni, na moto umewaka gotini.

Lakini ndugu yangu hakuwahi kuhara damu, wala wagonjwa wengi wa mgongo hawakuwahi. Je, vijidudu vya kawaida, hivi ambavyo mimi nawe tunatembea navyo, vyaweza kufanya kazi hiyo?

Hapa yafaa nirudie kwa kifupi niliyoyasema mkutanoni kwa ajili ya wale waliokuwa uwanjani. Mwanamume wa kilo 70 hubeba, kwa hesabu iliyofanywa mwaka 2016, vijidudu kama trilioni 38, yaani 38 ikifuatwa na sifuri 12, na karibu vyote viko katika utumbo mpana. Vyote pamoja vina uzito wa kiasi cha gramu 200. Navyo si maadui. Hututengenezea vitamini K, huvunja makapi ya nafaka na mboga ambayo sisi hatuwezi kuyayeyusha, na huzuia vijidudu vibaya visipate makao. Kati yao na damu yetu kuna ukuta wa chembe ambao unene wake ni chembe moja tu, umepakwa ute, na nyuma ya ukuta huo wamepanga askari wengi wa damu kuliko mahali pengine popote mwilini. Ajabu si kwamba mara nyingine pana ugomvi mpakani hapo. Ajabu ni kwamba kwa kawaida pana amani.

Jibu la swali lililotangulia lilitoka kwa panya. Mwaka 1990 Hammer na Taurog na wenzao mjini Dallas, Marekani, walipandikiza jeni ya B27 ya binadamu katika panya. Panya hao walipokua walianza kuharisha. Kisha viungo vyao vikavimba, hasa vya miguu, na ngozi na kucha zao zikaharibika. Hakuna aliyewaambukiza kitu. Halafu likaja jaribio ambalo mimi naliona bora kuliko yote katika habari hii. Panya wa namna hiyo hiyo walizaliwa na kulelewa ndani ya vyumba vilivyofungwa, ambamo hewa, maji na chakula vilikuwa vimesafishwa hata hakuna kijidudu hata kimoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Panya hao walikuwa na B27 ile ile, lakini matumbo yao yalikuwa mazima na viungo vyao vizima. Ngozi yao tu iliharibika kama ya wenzao. Angalia jinsi jambo hili lilivyogawanyika: ugonjwa wa ngozi haukuhitaji vijidudu, ugonjwa wa tumbo na wa viungo uliwahitaji, na ulikwenda pamoja. Mwaka 1996 wataalamu wa North Carolina wakaendelea mbele kidogo. Waliwapa panya wasio na vijidudu aina chache zilizochaguliwa. Waliopewa mchanganyiko wenye Bacteroides waliugua. Waliopewa usiokuwa nayo hawakuugua sana. Na Bacteroides si sumu, ni mkazi wa kawaida wa tumbo langu na lako.

Msomaji atasema, na ni haki yake, kwamba mtu si panya. Huko Ghent, Ubelgiji, madaktari Mielants na Veys katika miaka ya 1980 waliwaingizia wagonjwa wa mgongo mpira wenye taa ndani ya utumbo, wakachukua vipande vidogo vya utando wake, wakavitazama kwa hadubini. Wagonjwa hawa wengi walisema matumbo yao hayana neno. Lakini kiasi cha wawili katika kila watatu walikuwa na uvimbe wa joto utumboni ambao wenyewe hawakuujua. Tena, walipofuatwa kwa miaka, ilionekana kwamba tumbo likitulia viungo navyo hutulia, na tumbo likibaki na uvimbe viungo navyo huendelea. Sasa utaona kwa nini yule daktari aliuliza habari ya tumbo.

Ni kijidudu gani basi? Hapa nakwenda polepole, maana ndipo watu wengi hujikwaa. Kwa miaka mingi Profesa Ebringer wa London alisema mkosaji ni Klebsiella, kwa kuwa protini yake moja inafanana kidogo na B27, na askari wanaompiga yeye huipiga B27 kwa bahati mbaya. Kwa kuwa kijidudu hicho hushiba wanga, alishauri wagonjwa wapunguze vyakula vya wanga. Nilipoyasema haya kwa rafiki zangu bwaloni, mmoja alisukuma sahani yake ya ugali kwa furaha kubwa, akataka nimwandikie barua kwa bwana mkuu wa chakula! Nasikitika kumwambia kwamba wataalamu wengine walioutafuta ushahidi juu ya Klebsiella hawakuupata sawasawa, na chakula hicho hakijathibitishwa kwa majaribio yaliyopimwa vizuri. Mgonjwa maskini anayeacha ugali, wali, muhogo na viazi atabaki na nini? Atakonda tu, na mgongo wake utamwuma vile vile. Ale.

Siku hizi vijidudu havitafutwi kimoja kimoja. Kinyesi au kipande cha utumbo husomwa DNA yake yote, na orodha ya wakazi ikatoka kamili. Mwaka 2015 wataalamu wa Brisbane, Australia, walitazama mwisho wa utumbo mwembamba wa wagonjwa 9, wakaona umati wao umepangika tofauti na wa watu wazima: jamaa fulani wamezidi, wengine wamepungua. Mwaka 2017 wenzao wa Paris waliona kijidudu kimoja, Ruminococcus gnavus, kimezidi mara mbili au tatu kwa wagonjwa; kazi yake ni kula ule ute unaolinda ukuta wa utumbo. Jambo la maana, ila wagonjwa tisa ni wachache, na orodha ya mji mmoja haifanani kabisa na ya mji mwingine. Tena hatuwezi kusema mara moja kama umati uliovurugika ndio uliowasha moto, au moto ndio uliouvuruga umati.

Habari iliyonifurahisha zaidi ni ya Desemba 2022. Wataalamu wa Marekani na Uingereza walichukua askari wa damu, wale waitwao chembe T, kutoka katika viungo vya wagonjwa wa mgongo na katika macho ya wagonjwa wengine wenye B27. (Nimesahau kusema kwamba jicho nalo huingia katika maradhi haya, huwa jekundu, huuma, na huchukia mwanga.) Waliuliza: askari hawa wanatambua nini? Wakakuta kwamba askari yule yule mmoja hutambua kipande cha protini ya mwili wenyewe na pia kipande cha protini ya bakteria, vyote viwili vikiwa vimeshikwa na karani B27. Kwa mkaguzi huyu mzigo wa nyumbani na mzigo wa kigeni vina sura moja. Wazo la zamani la kufananishwa, ambalo Profesa Ebringer alilibandika juu ya Klebsiella peke yake, limerudi kwa mlango mwingine.

Hiyo si njia pekee. Ukuta wa utumbo ukilegea, vipande vya bakteria huingia damuni. Askari nao hupeana habari kwa kemikali. Mbili kati ya hizo zimepewa majina ya IL-23 na IL-17, nazo hutengenezwa kwa wingi pale utumbo unapokasirika. Askari waliofundishwa ugomvi utumboni waweza kusafiri na kutua kwenye kano za mgongo. Wataalamu wanayaunga mkono maelezo haya kwa viwango mbalimbali, na huenda yote yana ukweli.

Dawa zimetufundisha kwamba mambo si mepesi. Dawa ya kuzuia IL-17 inayoitwa sekukinumabu iliruhusiwa kwa maradhi haya Ulaya mwaka 2015, nayo huutuliza mgongo vizuri. Lakini ilipojaribiwa kwa watu wenye maradhi ya Crohn, ambayo ni uvimbe mkali wa utumbo, hali yao ilizidi kuwa mbaya. Kinyume chake, dawa za kuzuia IL-23 zinausaidia utumbo wa wagonjwa wa Crohn, na wengi walitazamia zitausaidia na mgongo. Hazikuusaidia. Yaonekana moto uliotoka jikoni ukishika paa, kumwaga maji jikoni hakutoshi. Kuna na waliojaribu kubadilisha vijidudu vyenyewe. Mwaka 2021 madaktari wa Denmark walitangaza jaribio la wagonjwa 31 wa baridi yabisi ambayo ni ndugu ya hii yetu, ile inayofuatana na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Nusu yao walitiwa utumboni kinyesi kilichotayarishwa cha watu wenye afya, na nusu walitiwa kitu cha bandia. Waliotiwa kinyesi ndio walioendelea vibaya zaidi. Kwa hiyo atakayekuuzia chupa ya vijidudu vizuri vya kuponya mgongo, mwulize majaribio yake yako wapi.

Kinachosaidia kwa hakika ni mazoezi ya kila siku ya kunyoosha mgongo, kuogelea kwa anayeweza, kuacha sigara, na vidonge vya kutuliza uvimbe kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo hutolewa kwa uangalizi kwa sababu huumiza tumbo na figo. Visipotosha kuna dawa za sindano, kama ile ya IL-17 na zile za kuzuia kemikali nyingine iitwayo TNF, zilizoanza kwa maradhi haya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zina nguvu kweli, lakini ni ghali mno. Tena TNF ndiyo inayofunga vijidudu vya kifua kikuu visitoke vilikojificha mapafuni. Ukiizuia, vinaweza kuamka. Katika nchi zetu jambo hilo si dogo, na daktari hupima kifua kikuu kwanza.

Swali la mwisho nililoulizwa ni kama maradhi haya yapo kwetu. Yapo, ingawa ni machache kuliko Ulaya, kwa kuwa B27 ni nadra sana kwa Waafrika wa kusini ya Sahara. Lakini uchache huo una madhara yake: mgonjwa anapotokea, hakuna anayemfikiria. Tena wagonjwa wengi wa Kiafrika hawana B27 kabisa, hivyo kipimo cha damu kikisema hapana, maradhi hayajakanushwa. Kijana wa kwetu mwenye maumivu ya mgongo hufikiriwa kwanza kifua kikuu cha mgongo, na ni sawa afikiriwe hivyo, kwa maana hicho ni kingi na huleta kibyongo na kupooza. Dalili zake ni homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na maumivu mahali pamoja. Bruselosi, homa ya maziwa yasiyochemshwa, nayo hushika viungo vile vile vya nyonga.

Mnaotaka kujipima wenyewe mnaweza kufanya hivi, ingawa si hukumu. Simama visigino na makalio yakigusa ukuta, kidevu kikiwa sawa, ukaguse ukuta kwa kisogo. Mgongo uliopinda hauwezi. Kisha rafiki yako akutie alama mbili za chaki mgongoni, moja usawa wa vishimo viwili vya kiunoni na nyingine sentimita 10 juu yake. Inama mbele bila kukunja magoti, naye apime tena. Kwa mgongo mzima nafasi hiyo hufika kiasi cha sentimita 15. Ya ndugu yangu, nilipompima likizo iliyopita, ilifika 11.

Anayeumwa mgongo kwa zaidi ya miezi mitatu, akienda hospitali, asiseme tu "mgongo waniuma, Daktari," maana maneno hayo daktari huyasikia mara ishirini kwa siku. Aseme ni saa ngapi za usiku maumivu humwamsha, ni dakika ngapi hupita asubuhi kabla mgongo haujalainika, na kama kutembea kunampa nafuu. Aseme kama jicho lake limewahi kuwa jekundu na kuchukia mwanga, kama amewahi kuhara damu, kama kuna mtu wa ukoo wake aliyepinda mgongo tangu ujana. Na habari ya tumbo aiseme hata asipoulizwa.